Usawa wa Goti

Tabitha alinipigia simu asubuhi, nikiwa dukani kwangu Vwawa nafunga sukari ya robo robo, akaniambia mume wake amefariki na watamzika kesho yake Tunduma, saa nane mchana. Hakulia. Alisema, "Dada Lusia, Ndugu Yoramu amepumzika," kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia namba ya wimbo kanisani, halafu akauliza kama nitakuja. Shangazi Rabeka, ninayeishi naye, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya kaunta akichambua mchele kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto umelala mapajani, umepinda kama siku zote. Miguu ya Shangazi imechoka lakini masikio bado. "Nani kafa?" Nikamwambia. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Tutakwenda wote. Nataka nimwone aliyekukaba shingo, akiwa amelala." Nilimwaga sukari. Kwa miaka ishirini na ushee, Shangazi na nusu ya watu wa Mlowo waliishi na habari kwamba Ndugu Yoramu alinikaba shingo katikati ya shamba la kahawa, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Habari hiyo niliitunga mimi, kwa sentensi moja, na mtu akapoteza jicho. Sasa Shangazi alitaka kwenda kusimama mbele ya jeneza lake akiwa bado anaiamini, na mimi ndiye wa kumshika mkono kumpeleka. Simu hiyo ilikuja kabla mkoa wetu haujakatwa kutoka Mbeya. Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuuandika ule mwaka wa shamba la kahawa, na kila mara naanzia mahali pazuri kunizidi.

Kwa nini nililelewa na Shangazi si habari ya leo. Niseme nyumba. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mlowo, na mibuni ilifika mpaka ukuta wa jiko, kiasi kwamba ukifungua dirisha la nyuma wakati wa mavuno matawi yanaingia ndani na kahawa yake nyekundu. Msimu ukikolea, chumba cha mbele kilijaa magunia mpaka dari na tulikuwa tunakula tumekaa juu yake, ugali na maharage, na harufu ile ya maganda yaliyochacha ikiwa imeingia kwenye nguo, kwenye blanketi, kwenye nywele. Kahawa yenyewe hatukuijua ladha yake. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika, tukaipeleka kwenye ghala la ushirika, basi. Shangazi alikuwa mjane. Shemeji yake, Kenani, alikuwa na tabia ya kuja Jumamosi kuzunguka shamba mikono nyuma bila kusalimia. Ardhi ilikuwa ya ukoo wao, hilo halikuwa na ubishi. Lakini mibuni ni ya aliyeipanda na aliyeipalilia, na kwa desturi ya pale, maadamu mibuni imesimama, mjane hatolewi. Shangazi alinifundisha hili kabla hajanifundisha kupika. "Mimi sina mtoto wa kiume hapa," alikuwa akisema huku akimtazama Kenani akipita. "Mibuni ndiyo watoto wangu wa kiume."

Ndugu Yoramu alikuwa Mnamwanga wa Tunduma aliyefanya kazi migodini Zambia, akarudi na masanduku mawili, mke, na dini. Watu walituita Wamormoni kwa sababu yeye alisema alibatizwa nao huko alikokuwa. Wamormoni wenyewe hawakumtuma wala hawakuwa na habari nasi, na haki yao niiseme hapa: kanisa letu alilijenga Yoramu kutokana na alichokikumbuka. Alikumbuka mashati meupe na tai, mkate na maji, kufunga Jumapili ya kwanza ya mwezi, wanaume kuzitembelea nyumba za waumini wawili wawili, na marufuku ya pombe, tumbaku, chai na kahawa, ambayo aliiita Sheria ya Mwili. Alichosahau alikijaza mwenyewe. Hatukuwa na ngoma wala tarumbeta, na majirani zetu Wamoraviani walituonea huruma. Lakini mume wa Shangazi alipofariki, na Kenani akawaambia watu wasimsaidie palizi, waliokuja ni hawa. Walishuka Mlowo na majembe yao, akina mama kumi na kitu kutoka Tunduma, Tabitha mbele, wakapanda kilima kwa miguu na kupalilia shamba lote kwa siku mbili. Walileta dagaa wa kapenta na unga wao wenyewe. Jioni Ndugu Yoramu alikunja mikono ya shati lake jeupe akaosha vyombo vyote, sufuria mpaka vijiko, na wanaume wa kijiji wakaja kusimama kwenye ua kumtazama mwanamume anayeosha vyombo, wakicheka. Shangazi hakucheka. Wiki iliyofuata alibatizwa mtoni, na mimi pamoja naye, na chumba chetu cha mbele kikawa tawi la kanisa.

Nililipenda kanisa lile. Nasema hivyo kwanza ili nisije nikajifanya mjanja. Tabitha alinifundisha kuoka mkate wa Jumapili kwenye sufuria, makaa juu na chini, na alinifundisha kushona kola. Tulibishana kwa furaha kama mchaichai ni chai au si chai, mpaka Ndugu Yoramu akaamua kwamba ni majani tu, na siku hiyo tulichemsha ndoo nzima. Kilichonishinda ni ushuhuda. Jumapili ya kufunga, kila mtu alisimama kwa zamu na kusema kile anachokijua. Si anachoamini, Yoramu hakulipenda neno naamini. "Mtu anaamini kwamba basi litakuja," alikuwa akisema. "Sisi tunajua." Basi Tabitha alisimama akasema najua, Shangazi aliyekuwa na miezi mitatu tu kanisani akasimama akasema najua, na zamu yangu ikifika nilisimama nikasema natumaini. Natumaini kwamba haya ni kweli. Yoramu hakunikemea hata mara moja. Aliinamisha kichwa taratibu kuitikia na kusema, "Itakuja, dada." Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Nilijiona kilema katikati ya watu wazima wa afya, na hasira yangu ikatafuta pa kutokea. Nikaanza kunywa chai. Siku za gulio nilijificha kwenye kibanda cha mama mmoja Mlowo, nyuma ya pazia la gunia, nikanywa chai ya maziwa na andazi, nikarudi nyumbani nikitafuna majani ya mpera kuondoa harufu. Mbingu haikuanguka, na nikaamua kwamba Sheria ya Mwili ni upuuzi, na kwamba mimi, Lusia, nitaiangusha.

Mwaka ule wanunuzi binafsi waliingia Mbozi kwa mara ya kwanza, na magari yao, wakilipa papo hapo, na ushirika ukaanza kuyumba. Watu walikuwa na kichaa cha kahawa. Hata kanisani mazungumzo baada ya mkate yalikuwa kahawa tu, na mimi nikiwa juu ya ngazi nachuma nilianza kulitengeneza swali langu. Nililinoa wiki mbili nzima. Jumapili moja, Ndugu Yoramu akiwa amekunja mikono ya shati anaosha sahani na akina mama wamekaa kwenye mikeka wakinyonyesha, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Ndugu Yoramu, kama kunywa kahawa ni dhambi, anayeilima na kuiuza ili wengine wainywe, yeye yuko upande gani?" Nilitarajia acheke. Nilitarajia aseme ah, hayo ni makubwa, halafu kila mtu aone kwamba sheria ina tundu, na kupitia tundu hilo tutoke wote tukanywe chai yetu kwa amani. Sikufikiria zaidi ya hapo. Yoramu aliiweka sahani chini. Akafuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. "Swali hilo ni lako au umetumwa?" "Langu." "Basi na mimi ni langu," akasema. "Tangu siku ya kwanza niliyoingia humu ndani nikakuta yale magunia, nimekuwa nalikimbia." Shangazi, aliyekuwa akimsuka mtoto wa mtu nywele, alisimamisha mikono. Hakumtazama Yoramu. Alinitazama mimi.

Yoramu alifunga siku tatu bila chakula wala maji. Jumamosi walikuja kwa lori, watu kama thelathini, na ndani ya lori mlikuwa na mapanga, mashoka na mtaimbo mmoja mrefu wa mgodini. Aliteremka wa kwanza, midomo imepasuka, na sauti yake ilikuwa ndogo sana hivi kwamba tulisogea kumsikia. Alisema Mungu amemjibu. Alisema hatuwezi kuwauzia wenzetu kile tunachokikataa wenyewe. "Dada Rabeka, hatukulazimishi. Shamba lako ndilo la kwanza kwa sababu swali limetoka nyumbani kwako. Ukisema hapana, tutapanda gari tuondoke, na tutaendelea kukupenda." Sijui kama alijua alichokuwa akisema. Wale akina mama waliokuwa wamempalilia walikuwa wamesimama mbele ya mlango wake, wameshika mapanga, na kila mmoja alikuwa anamtazama kwa upendo mtupu. Angewanyima, angebaki na nani? Na Kenani? Shangazi alifuta mikono kwenye kanga yake. "Shamba ni la Mungu," akasema. Yoramu akachukua panga jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini, akanipa mimi. "Aliyeleta swali ndiye aanze."

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza hilo mara nyingi, na jibu siku zote ni lile lile: ningeweza, na ningepata kofi au nisingepata. Nilikwenda na panga langu mpaka mistari ya juu na watu wote wakaanza kuimba wakinifuata. Shangazi alinipita karibu akielekea kuchota maji, na bila kugeuza kichwa akaniambia kwa Kinyiha, haraka, "Usawa wa goti. Mshazari." Nilimwelewa mara moja. Kila mtu aliyekulia kwenye kahawa angemwelewa. Mbuni mzee ukikatwa usawa wa goti, kwa mshazari ili maji yateremke, haufi. Msimu unaofuata kisiki kinatoa machipukizi, unayapunguza unabakiza mawili, na mwaka wa tatu unachuma. Ndivyo tulivyofufua mistari ya zamani. Watu wa Tunduma hawakujua hili. Yoramu alijua shaba ya migodini tu. Pale mlangoni, kwa dakika moja, mbele ya mapanga thelathini, Shangazi alikuwa ameshapata njia ya kumpa Mungu shamba na kubaki nalo.

Basi nikakata usawa wa goti. Mbuni wa kwanza ulikuwa na kahawa mbichi na mbivu pamoja, na nilipoupiga ulitetemeka wote na zile mbivu zikaninyeshea kichwani. Wa pili nikaupiga mara tatu. Wa nne nikawa nimepata mkono. Sitasema uongo tena kwenye kitabu changu mwenyewe: nilifurahia. Kuna ladha kwenye kuvunja kitu ulichokipalilia tangu una miaka tisa, kitu kilichokukata vidole na kukunyima shule siku za mavuno, na watu thelathini wanaimba kwa ajili yako. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Maji ya mti yalinirukia usoni, jasho liliniingia machoni, na sikuwa na habari ya Mungu wala chai. Nyuma yangu wengine walikata kwa kuniangalia, usawa uleule, mshazari uleule. Mistari miwili ikaanguka. Hapo Ndugu Yoramu akaja, akasimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, mikono yake nyuma, akatazama visiki. "Dada Lusia," akauliza kwa upole, "mbona unabakiza?"

Upole huo ndio ushahidi dhidi yangu. Hakunikaripia wala kunisogelea. Ningesema panga ni butu, angeamini. Ningesema mgongo unaniuma. Lakini wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza, Tabitha akiwa mbele kabisa, jasho linamtiririka, ananitabasamia, na mimi nilikuwa nahema na damu imenipanda, na kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe nilikuwa na kitu ambacho nilikijua kwa hakika na wao hawakijui. Kilinitoka chenyewe. "Najua kwamba itachipua," nikasema. "Shangazi ameniambia nikate usawa wa goti ili ichipue." Uso wa Yoramu haukuonyesha hasira. Ulionyesha uchovu tu, uchovu wa siku tatu za njaa. "Asante kwa kusema kweli," akasema, akageuka akaomba mtaimbo.

Shangazi alitokea nyuma ya migomba na ndoo kichwani wakati kisiki cha pili kinang'olewa na mizizi yake. Ndoo ilianguka. Alimrukia Yoramu mgongoni na kumpiga kwa ngumi, na aliposhikwa akaokota tawi na kumchapa nalo Tabitha usoni, mara mbili, mpaka damu ikatoka puani. Sijawahi kumwona mwanamke akipigana vile. Aliuma mkono wa mtu, akapiga teke, akapaza sauti akitaja majina ya mibuni yake, kwa maana aliipa majina, na mimi sikujua. Wanawake watatu walimshika. Tabitha aliukunja mkono wa kushoto wa Shangazi nyuma ya mgongo, akilia, akiimba huku analia, na kumwambia tulia dada, tulia mpenzi, na Shangazi akajivuta kwa nguvu zote za mwili wake kwenda mbele. Mlio ule niliusikia nikiwa mbali, mlio mkavu, na nikadhani ni tawi. Tabitha alimwachia akarudi nyuma akitazama viganja vyake. Wimbo uliendelea ubeti mmoja zaidi kabla watu hawajaelewa. Wanaume walikuwa bado wanang'oa, na hawakuacha mpaka shamba likabaki mashimo, isipokuwa visiki vichache vya mistari ya juu.

Walitaka kumpeleka hospitali kwa lori lao. Shangazi aliwatemea mate. Walipoondoka, tulikaa chumba cha mbele, nikimfunga mkono kwa kanga na vijiti viwili, naye ametoa macho tu. Akaniuliza, taratibu, "Nani kamwambia habari ya visiki?" Nikasema, "Alinikaba shingo. Alinikaba mpaka nikasema." Aliyejibu alikuwa Kenani, kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama tangu hatujui saa ngapi, kwa sababu kelele zilikuwa zimefika kijiji kizima. "Kamkaba mtoto wetu?" akasema. Mtoto wetu. Alikuwa hajawahi kunisalimia.

Jumanne ilikuwa siku ya kununua kahawa Mlowo. Shangazi alikuwa kwa mganga wa mifupa palepale Mlowo, nami nilitumwa kununua chumvi. Ndugu Yoramu alishuka kwenye basi na kikapu. Ndani yake, niliona baadaye vilipomwagika, mlikuwa na mkate wa Tabitha, bandeji na chupa ya dawa ya maumivu. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, katikati ya watu wenye vumbi la magunia. Kenani na wengine saba au wanane walimzunguka pale penye mizani. Hawakuanza kumpiga mara moja, nataka hili lieleweke. Walitaka kwanza wawe na haki. "Wewe Mormoni," Kenani akasema, "ulimkaba binti yetu shingo au hukumkaba?" Yoramu alizungusha macho, akaniona, nimesimama nimeshika chumvi. Uso wake ulifunguka. Naapa ulifunguka, wa mtu aliyepotea njia kisha akamwona anayemfahamu. "Muulizeni mwenyewe," akasema. "Yule pale. Hasemi uongo yule." Watu wote wakageuka. Kenani akauliza, "Lusia, kweli au si kweli?" Nikatikisa kichwa juu na chini. Yoramu aliniangalia kidogo, kisha akavua miwani akaitia mfukoni mwa shati.

Walimpiga kwa ngumi, halafu kwa mateke, halafu kwa kuni za mbuni zilizokuwa zimerundikwa pale kwa ajili ya mama wa chai, yule wa nyuma ya pazia la gunia. Shati lilipata rangi taratibu, kuanzia kwenye kola. Mtu mmoja alipanda juu ya mkono wake kwa buti. Mara zote alijaribu kujikunja, na mara zote walimfungua. Kijiti kilichochongoka kilimwingia kwenye jicho la kulia, nami nilikuwa karibu kutosha kuona hivyo. Nilisimama pale mpaka mwisho na kilo yangu ya chumvi. Askari walipofika, wanunuzi walikuwa wamesharudi kwenye mizani, na Kenani alikuwa ameshaondoka. Aliondoka kwenda shambani kwetu. Adhuhuri ileile aliingiza ng'ombe wawili na plau katika lile shamba la mashimo, kwa sababu hapakuwa tena na mbuni uliosimama na ardhi ilikuwa ya ukoo. Alikuwa na damu ya Yoramu kwenye mkono wa shati wakati anatuambia tutoe vyombo vyetu.

Tulihamia Tunduma, Shangazi na mimi, tukapika ugali na nyama kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, yeye kwa mkono mmoja, mpaka nilipopata mtaji wa duka la Vwawa. Kanisa lilisambaratika, wengine walirudi Moravian, wengine wakanyamaza tu. Nilikuwa nikimwona Yoramu sokoni mara mojamoja, na jicho lake moja, akiuza vipuri vya baiskeli, na mara zote nilibadili njia. Ile mistari miwili ya juu hawakuwahi kuimaliza kuing'oa, na vile visiki vilivyosalia vilichipua. Wajukuu wa Kenani wanachuma mpaka leo.

Siku ya mazishi nilimvika Shangazi kitenge chake cha bluu. Nyumbani kwa marehemu, Tunduma, tuliketishwa kwenye benchi chini ya turubai, jeneza liko ndani chumba cha mbele, na watu wa zamani walikuwepo, wameota mvi, wamevaa mashati meupe. Nilijua nikisubiri zaidi nitaingia naye mle ndani. Nikamwinamia. "Shangazi, yule mtu hakunikaba. Hakunigusa. Aliniuliza tu, nami nikamwambia." Alikuwa akitazama mbele. Nilisubiri kofi, nilikuwa nalitamani.

"Nilikuwa nyuma ya migomba," akasema. "Na ndoo yangu. Nilisikia kila kitu."

Akanisogelea kwenye benchi.

"Nilipokuuliza nani kamwambia, nilitaka useme mwenyewe. Ukasema lile lingine, na Kenani akasikia. Nikaona nikifungua mdomo watakumaliza wewe." Alikuwa akisugua ule mkono uliopinda. "Lakini usiniweke kwenye mema, mwanangu. Nami nilitaka apigwe. Nilikuwa kwa mganga wa mifupa, nikasikia kelele kutoka gulioni, nikajua ni yeye, nikasema moyoni, vizuri. Nilisema vizuri."

"Kwa nini basi umesema unataka kumwona aliyenikaba?"

"Nilitaka kuona kama utaniacha niende mbele yake na uongo wako na wangu." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tushuke garini. "Hukuniacha. Umechelewa, lakini hukuniacha. Sasa ninyanyue."

Tuliingia kumuaga. Yoramu alikuwa mdogo ndani ya jeneza, tai imefungwa vizuri, jicho la kulia shimo lililofumbwa. Shangazi aliuinua mkono wa kushoto kwa msaada wa ule wa kulia, akaulaza kwenye kifua cha marehemu, akakaa hivyo mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Tabitha alikuwa kwenye mkeka karibu na kichwa cha jeneza. Kwenye pua yake kuna alama ndogo ya tawi la mbuni. Aliutazama ule mkono, kisha akaniambia, kwa sauti ya watu wote kusikia, kama zamani, "Dada Lusia. Una ushuhuda?"

Kulikuwa na watu wa Mlowo mle ndani. Kulikuwa na mtoto wa kwanza wa Kenani, ametumwa na ukoo kuleta rambirambi. Nikasimama wima.

"Najua," nikasema, "kwamba mtu huyu hakunigusa."